Simu ya Nasibo Inalala Wapi?

Kendi wangu,

Begi lako liko mlangoni, limefungwa kwa kamba ya manila kwa sababu zipu imekataa, na wewe mwenyewe umelala mdomo wazi kama kawaida yako. Sitakuandikia habari ya kupika, wala ya kutafuta nyumba karibu na kazi. Hayo tumeongea mpaka ukaniambia, "Mathe, imetosha," na kweli ilikuwa imetosha. Hapa nataka kukuambia jambo moja ambalo sijawahi kukuambia, na ningeendelea kunyamaza kama si ile kompyuta uliyonifungulia mezani jana.

Ulikuwa unanionyesha kazi utakayoanza nayo huko Kitale. Hospitali imebanwa na sheria ya kulinda habari za watu, kwa hivyo kila mfanyakazi sasa ataingia kwenye kompyuta kwa jina lake mwenyewe. Paswadi yake moja itamfungulia kila kitu, na kabla mlango haujafunguka simu yake italetewa tarakimu za kuhakikisha kwamba ni yeye. Wewe ndiye umeajiriwa kuwatayarisha. Umechora mishale ya rangi, umeweka picha ya kufuli, kila kitu kimekaa sawa. Nikakuuliza, na hao watu utawaambiaje? Ukacheka. "Mathe, tulia. Nawatumia imeli, nafanya semina moja, watazoea tu."

Nikaenda jikoni nikaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Ulifikiri nimechoka. Kumbe hayo maneno ni yangu, niliyasema mimi hapa Isiolo karibu neno kwa neno, na ndiyo yaliyomfukuzisha kazi Tata Nasibo, shangazi yako wa hiari.

Ndiyo, Nasibo yule yule. Yule wa Korbesa aliyekuwa akija mjini na maziwa ya ngamia, anaketi hapo kwenye kiti cha plastiki, anakusuka nywele huku akikutania kwamba kichwa chako kigumu na hujui kutulia. Uliporudi likizo ya kwanza ya sekondari ukaniuliza mbona haji tena. Nikakuambia wamehamia Moyale. Uongo mtupu, Kendi. Nasibo hakuhama popote. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kumwangalia usoni.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukisikia mwisho peke yake utanionea huruma, na sitaki.

Unajua nilivyoingia kwenye ushirika wa wafugaji. Mwanamke wa kwanza kwenye kompyuta, na baba yako alikuwa ameshaenda zake. Meneja wa wakati ule alizoea kuniita kuja kupiga chapa barua, eti kwa sababu vidole vyangu ni vyepesi. Sasa nikagundua njia ya kuheshimiwa. Makarani wetu walikuwa mbali, Oldonyiro, Leparua, Korbesa alikokuwa Nasibo, kila mmoja na kompyuta yake ndogo na mizani yake, na kila mmoja alikuwa anasahau paswadi. Basi mimi nikawa nazijua zote kichwani. Mtu akikwama ananipigia, namtajia, anafungua, ananibariki. Wakaanza kuniita Mama Paswadi. Wee! Nilivyolipenda hilo jina! Hata meneja alikuwa hawezi kufungua kompyuta yake bila kuniita kwa adabu.

Na kule mashinani watu walikuwa wanafunguliana. Karani akiumwa, mwenzake anaingia kwa jina lake na kazi inaendelea. Hakuna aliyeona ubaya. Ukinyimana paswadi ulionekana mchoyo, kama mtu anayeficha chai mgeni akibisha hodi.

Ndipo sheria ikaja. Mwanasheria wa ushirika alitoka Nairobi, akasema habari za wanachama haziwezi kuachwa wazi hivyo. Kila mtu na jina lake, kila mtu na tarakimu zake kwa simu yake, na atakayeingia kwa jina la mwenzake anaenda nyumbani. Nikapewa mimi kazi ya kuwatayarisha watu.

Sasa nakuambia ukweli ambao ilinichukua miaka kujiambia mwenyewe. Sikutaka wajue. Mtu akishajua kujifungulia, Mama Paswadi ana kazi gani tena? Sikukaa chini nikapanga ubaya, hapana. Nilifanya tu ile kazi kwa mkono wa kushoto. Nilituma imeli ndefu ya Kizungu kwa watu ambao hufungua imeli zao mimi nikiwapigia simu wafungue. Nikaita semina moja hapa mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, na soda na sambusa. Nikawasomea vifungu vya sheria. Mwisho nikauliza, "Kuna swali?" Kimya. Nikafurahi. Nikafikiri kimya ni kuelewa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeelewa, tena alinielewesha mimi. Tulikuwa nje tukinawa mikono, Nasibo akaniambia, "Mama Kendi, hii maneno yote ya kifungu, si ungesema tu ni ya kuficha hesabu ya ng'ombe ya watu?"

Nikamwuliza, hesabu gani?

"Wewe unaweza uliza mzee wa Borana ako na ng'ombe ngapi? Atakuambia iko kidogo tu. Hata mtoto yake haulizi. Sasa hiyo kompyuta inajua yote, na kila mtu anafungua na jina ya kila mtu. Hiyo ni aibu kubwa. Ukisema hivyo, hata mzee wangu ataelewa."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilimpiga begani nikamwambia, "Nasibo, wewe na ng'ombe zako!" Nikarudi ndani kumalizia sambusa. Angekuwa ni yule mwanasheria amesema hivyo ningeandika kwa wino. Lakini ni Nasibo, mwenye darasa la nane na kanga ya kazi, nikaona ananichekesha tu. Nikikumbuka kile kicheko changu hata sasa uso unanichoma.

Halafu zile namba za simu. Ili tarakimu zimfikie mtu, lazima uingize namba yake kwenye mtambo. Ningepaswa kumwuliza kila mmoja. Mimi nikachukua zile namba walizotoa walipoajiriwa, nikazimwaga zote kwa alasiri moja, nikaenda zangu nyumbani mapema nikajisifu. Mimi mtoto wa Kimeru wa mjini, nimezaliwa hapa sokoni, sijawahi kulala foora hata siku moja. Foora ni kule mbali mifugo inakopelekwa nyasi zikiisha, na mzee anakwenda nayo, na simu ya nyumba inakwenda na mzee. Nasibo alipoajiriwa alitoa namba ya nyumba, kwa sababu ofisi ikiuliza mama wa Korbesa namba, hiyo ndiyo namba anayotoa. Laini yenyewe iko kwa jina la mzee. Ya kwake mwenyewe aliinunua baadaye. Kila mtu kule alijua hivyo. Mimi sikuuliza.

Siku ya kwanza ya mtambo mpya ikaangukia siku ya kupima mbuzi Korbesa. Watu walikuwa wameswaga mifugo tangu alfajiri, lori liko pale, dereva anapiga honi, na mbuzi hapandi lori mpaka aandikwe kwa jina la mwenyewe. Simu yangu ikalia.

"Mama Kendi, mashine imenikataa. Inasema nangojea namba kwa simu. Hiyo simu iko na mzee, na mzee iko foora. Huko netiweki hakuna."

Nikamwambia ajaribu tena. Kana kwamba kujaribu tena kungeshusha mnara kutoka mbinguni. Akajaribu. Nyuma yake nasikia wazee wakigomba, mmoja anasema atarudisha mbuzi wake. Kubadilisha namba kwenye mtambo kulihitaji sahihi ya meneja, nami nikaona wazi nini kinakuja. Lori likirudi tupu, meneja atauliza kwa nini, na jibu litakuwa kwamba Mama Paswadi hakuuliza watu namba zao.

Upande wa Oldonyiro ulikuwa haujawekewa tarakimu bado, ulikuwa wa juma lililofuata. Karani wa huko alikuwa Ekai, kijana Mturkana mpole sana, na paswadi yake nilikuwa naijua. Nikamwambia Nasibo, "Ingia na ya Ekai. Andika hivi." Nikamtajia herufi moja moja.

Akauliza, "Si ulisema hiyo ni makosa?"

"Ni ya leo tu," nikasema. "Mimi ndiye nakuambia."

Mimi ndiye nakuambia. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, Kendi. Mbuzi wakapandishwa, lori likaondoka, na mimi nikanywa chai.

Kumbe siku ile ile Ekai naye alikuwa kwenye mnada wa Oldonyiro akipima, ameingia kwa jina lake. Mtu mmoja, sehemu mbili, saa zile zile. Wakaguzi waliona bila hata kutafuta.

Wakaita kamati. Nilikaa upande wa meza wa wakubwa, kwa sababu mimi ni mtaalamu. Ekai akaapa hajampa mtu paswadi yake, na ni kweli hakumpa. Wakamgeukia Nasibo: wewe uliijuaje? Akaniangalia. Hakunikazia macho, aliniangalia tu vile mtu anavyomwangalia mwenzake akimwachia nafasi ya kuongea. Nami nikaangalia meza. Ilikuwa na alama ya kikombe, duara nusu, hata leo ninaweza kukuchorea.

Alipoona siongei akasema, "Niliona akiandika siku ya semina."

Meneja akanigeukia. "Mtaalamu, hiyo inawezekana?"

Mwanangu, nilikuwa na mlango wazi mbele yangu, ni kuingia tu. Nikasema, "Inawezekana."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Alifukuzwa kama mwizi wa paswadi, mtu ambaye alikuwa hajui hata kuiba sukari ya ofisi. Nilimkuta nje akifunga kanga yake vizuri. Akaniambia, "Wewe iko na mtoto shule, na bwana hakuna. Mimi nitarudi kwa mbuzi yangu. Wewe ungerudi kwa nini?" Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningelala usingizi.

Halafu ukaja ule ukame, msimu baada ya msimu bila mvua. Wewe ulikuwa bweni, uliuona kwa taarifa. Mbuzi aliosema atarudi kwao, sijui walibaki wangapi, na kama alivyonifundisha mwenyewe, hilo si swali la kuuliza. Ninachojua ni kwamba mshahara wa karani ungewanunulia maji na nyasi. Ninachojua pia ni kwamba mwaka ule mimi nilikulipia karo bila kuchelewa, na kila nikitoka benki nilikuwa napita njia ya nyuma, nisikutane na mtu wa Korbesa.

Sikuambii haya ili uogope kazi yako. Kazi yako ni nzuri na hiyo sheria ni nzuri, nimekuja kuielewa kuliko yule mwanasheria. Kuna mama huko Kitale ambaye hataki jirani ajue alipimwa nini hospitalini, na ni haki yake. Lakini ile siku ukiwafungia watu mlango wa zamani, kutakuwa na mtu mmoja amesimama nje na wagonjwa wamejaa nyuma yake, ana aibu ya kusema hajaelewa, na rafiki yake atamnong'oneza, "Tumia yangu." Huyo mtu si mkaidi. Huyo mtu, wewe ndiye uliyemsahau.

Kwa hivyo ukifika, hiyo mishale yako ya rangi iweke kwanza. Nenda ukae nao. Kaa na yule wa faili, kaa na wa usiku, kaa na wa kufagia kama naye anagusa kompyuta. Usiulize kuna swali, watakunyamazia kama walivyoninyamazia. Waulize simu yao inalala wapi. Uliza hivyo hivyo. Mmoja atakuambia ameiacha na mtoto, mwingine ataona haya kusema bwana wake huikagua, mwingine iko rehani kwa duka mpaka mwisho wa mwezi. Kisha waache waingie na kutoka mbele yako siku nzima kabla ya siku yenyewe, wakosee ukiwa hapo, mcheke pamoja. Na akitokea Nasibo wa huko akakuambia kwa maneno yake kile ulichokisema vibaya kwa maneno yako, mama, tafadhali, usimpige begani.

Na kuna moja zaidi, hili la mwisho linanigusa mimi kuliko wewe. Siku utakapokosea, na utakosea, usingoje uangaliwe. Mimi niliangaliwa. Ile nafasi ya kuongea ni fupi sana, na ikishapita unaanza kujipa sababu. Mimi sababu yangu ilikuwa wewe. Nilikuwa najiambia, nimenyamaza kwa ajili ya Kendi. Nisamehe kwa hilo, kwa sababu nimekubebesha mzigo ambao hukuujua, umetembea nao mpaka ukamaliza chuo.

Leo ulipokuwa kwa rafiki zako kuwaaga, nilivaa lile gauni la bluu nikaenda kwa meneja. Si yule wa zamani, huyu ni kijana, hata hakuwepo wakati ule. Nikamwambia yote, na paswadi ya Ekai, na alama ya kikombe. Akaniangalia kana kwamba nimemletea maiti ofisini. "Mama, faili hiyo ilifungwa," akasema. "Unataka nini?" Nikamwambia nataka ifunguliwe, jina la Nasibo litolewe humo na langu liwekwe. Akasema ataita kamati Jumatatu, na kwamba nijiandae, kwa sababu sheria ile ile iliyomtoa Nasibo haina sehemu ya kunisamehe mimi.

Huenda basi ukasikia nimefukuzwa. Usitume pesa kwa haraka, usilie kwenye simu, na usirudi nyumbani. Nitauza maandazi, nitafundisha watoto wa jirani kompyuta, sijui. Naogopa, sikudanganyi. Lakini leo kwa mara ya kwanza nilirudi nyumbani kwa njia ya sokoni.

Nimekuwa nikimpigia simu Nasibo tangu jana. Mteja wa namba hiyo hapatikani. Nimepiga tena na tena, ala, ndipo nikakumbuka ni namba gani hiyo niliyonayo. Ni ile ile ya mzee. Miaka yote ile, rafiki yangu alikuwa akikusuka nywele nyumbani kwangu, na mimi sikuwahi kuihifadhi namba yake mwenyewe.

Kwa hivyo kesho ukishapanda gari lako, mimi sirudi nyumbani. Kuna lori la mizigo linalokwenda upande wa Merti, dereva amekubali kunibeba hadi Korbesa. Sijui kama Nasibo atanipa kiti au atanifungia mlango. Ana haki ya yote mawili. Kama ataniacha niketi, nitamwambia nilichomwambia meneja, na sitamwomba anisamehe hapo hapo, kwa sababu hiyo nayo ni kumharakisha mtu.

Lakini kabla ya yote hayo nitamwuliza lile swali dogo ambalo lingechukua dakika moja tu, siku ile tukinawa mikono. Nasibo, simu yako inalala wapi?

Mama yako